Waya za plagi kwenye MX-5: zibadili mwenyewe, lakini chungulia kisimani kwanza

Swali: Fundi, nina Mazda MX-5 ya 1994, injini ya lita 1.8, gia za mkono. Likiwa limesimama linaunguruma vizuri tu. Shida inaanza nikiwa gia ya nne au ya tano kwa mwendo mdogo, hasa nikipanda mlima: nikikanyaga mafuta linajikwaa na kutikisika kama linataka kuzima, halafu mzunguko ukipanda linatulia. Siku za mvua ndiyo balaa. Nimeambiwa koili imekufa, ninunue mpya. Jirani yangu anasema ni waya za plagi, na kwamba naweza kuzibadili mwenyewe nyumbani. Nimsikilize nani? Na kama ni waya, nifanyeje nisiharibu kitu? Sijawahi kugusa injini zaidi ya kuongeza oili.

Jibu: Usinunue koili kwanza, kile kifaa kinachozalisha umeme mkali wa cheche. Kwa dalili ulizozitaja, jirani yako ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na kazi yenyewe unaiweza hata kama hujawahi kushika soketi. Tenga asubuhi moja, gari likiwa limelala usiku kucha na injini imepoa kabisa. Ila nakuomba usiichukulie kama kazi ya kuchomoa waya nne na kuchomeka nyingine nne. Kwenye injini hii waya mara nyingi hazifi zenyewe. Zinauawa, na anayeziua hukaa chini ya kisima, lile shimo ambamo plagi imezama. Usipomtafuta, hata hizo mpya atazila.

Kwanza tuone kwa nini linajikwaa ukikanyaga mafuta na si likiwa limesimama. Cheche ya plagi inaruka pengo la takribani milimita moja. Injini ikiunguruma taratibu, silinda inapata hewa kidogo, na kuruka pengo hilo ni kazi nyepesi. Ukiwa gia ya nne kwa mwendo mdogo ukakanyaga, silinda inajaa hewa na petroli, pistoni inaibana, na katika msongamano ule cheche inahitaji volti nyingi zaidi ili ipite, makumi ya maelfu. Hapo ndipo waya inapopimwa. Kama mpira wa kofia yake, ile ncha inayoivaa plagi, umepasuka au umelainika, umeme unakuta njia mbili: kuvuka lile pengo lililobanwa, au kutoboa ubavu wa kofia na kurukia ukuta wa chuma wa silinda hedi (kichwa cha injini) ulio milimita chache tu pembeni. Unafuata njia nyepesi. Petroli iliyokuwa imeingia inatoka haijaungua, na wewe kwenye usukani unasikia gari limejikwaa. Unyevu wa mvua unairahisisha zaidi ile njia ya pembeni. Na kuhusu kutulia mzunguko ukipanda, usidanganyike sana: milipuko inafuatana haraka kiasi kwamba mmoja ukikosekana mwili hauusikii tena. Kumisi, yaani silinda kukosa kuchoma, kunaweza kuwa bado kupo.

Sasa koili. Gari lako halina distribyuta, kile kifaa kinachozigawia plagi umeme kwa zamu. Nyuma ya silinda hedi, karibu na ule ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva, kuna koili mbili zilizofungwa pamoja. Moja inahudumia silinda ya 1 na ya 4, nyingine ya 2 na ya 3. Silinda ya 1 ndiyo ya mbele kabisa, upande wa rejeta. Kila koili inatoa cheche mbili kwa wakati mmoja: umeme unatoka ncha moja ya koili, unapita waya ya 1, unaruka plagi ya 1, unapita ndani ya chuma cha hedi, unaruka plagi ya 4, kisha unarudi kwenye koili kwa waya ya 4. Wakati huo silinda moja iko tayari kuchoma, nyenzake inatoa moshi, kwa hiyo cheche ya pili inapotea bure.

Nimelieleza hili kirefu kwa sababu linakusaidia kuhukumu. Koili moja ikifa kabisa, unapoteza silinda mbili kwa pamoja, na gari litatetemeka hata likiwa limesimama. Lako likisimama linaunguruma vizuri. Hilo peke yake haliisafishi koili moja kwa moja, lakini linaisogeza mwisho wa foleni ya washukiwa. Pili, kwa kuwa waya ya 1 na ya 4 ziko kwenye mzunguko mmoja wa umeme, waya iliyokatika ndani inaweza kuisumbua hata silinda ya mwenzake. Usije ukasema "ni silinda ya 4 inayomisi, basi waya ya 4 ndiyo mbovu" ukabadili hiyo moja tu. Waya zinabadilishwa seti nzima.

Hata hivyo aliyekuambia habari za koili hakusema upuuzi. Waya mbovu zikiachwa, umeme unaokosa njia unajilimbikiza mpaka volti zinafika juu kabisa, na siku moja zinatoboa insulesheni ya koili yenyewe. Kwa hiyo unaweza kuanza na waya mbovu na ukamaliza na koili mbovu. Vilevile petroli isiyoungua inaingia kwenye katalisti, lile boksi la kusafisha moshi kwenye ekzosi, na kuungulia humo. Joto lake linaweza kuyeyusha matundu ya ndani. Kwa hiyo usilizungushe gari hivi kwa miezi.

Kabla ya kununua chochote, thibitisha. Subiri usiku, paki mahali penye giza na hewa, weka handibreki, gia iwe huru, funua boneti, washa injini. Kaa kimya dakika moja ukiangalia. Ukiona vicheche vya buluu vinaruka kutoka kwenye waya au mdomoni mwa kisima cha plagi, umeshapata jibu. Usipoona kitu, chukua chupa ya kunyunyizia maji, ile ya kutoa ukungu, nyunyiza kidogo juu ya waya. Kidogo tu, si kumwaga. Waya iliyopasuka itaanza kupiga "tik, tik, tik" na injini itayumba. Wakati wote huo mikono isiguse waya wala koili, na usivae shati lenye mikono inayoning'inia karibu na mikanda na feni. Mtu mwenye kifaa cha kuongoza mapigo ya moyo asiisogelee kabisa injini inayowaka boneti likiwa wazi.

Multimita, kile kipimo cha umeme, nayo ni shahidi mzuri, mradi ujue mipaka yake. Waya hizi ndani hazina shaba tupu. Zina nyuzi zilizoshibishwa kaboni, zenye ukinzani wa makusudi ili cheche zisivuruge redio na kompyuta ya gari. Kwa waya za kiwandani za gari lako, kipimo ni takribani kilo-omu 16 kwa kila mita moja. Waya ya sentimita 60 isomeke karibu kilo-omu 9 au 10. Ukipata 40, au mita isisome kabisa, waya imekatika ndani. Ukiwa umeishika mita, ipinde waya polepole na uangalie namba: ikirukaruka, kuna mpasuko unaofunguka na kujifunga. Lakini waya inaweza kusoma vizuri kabisa ikawa bado mbovu, kwa sababu mita inapima uzi wa kati kwa volti chache za betri yake. Haijui lolote kuhusu mpira uliotoboka, na mpira ndiyo unaosumbua zaidi. Kwa hiyo mita ikisema mbovu, iamini. Ikisema nzima, bado angalia kofia kwa macho.

Ukienda kununua, taja mwaka, modeli na ukubwa wa injini, maana MX-5 za mwanzo zilikuwa na injini ya lita 1.6 kabla ya hiyo yako ya 1.8 kuingia na modeli ya 1994. Nunua seti iliyokatwa kwa urefu wa gari hili, zenye ganda la silikoni. NGK wanazitengeneza na zinajulikana kwa wenye gari hizi. Kuhusu waya nene za rangi ya kung'aa zinazouzwa kwa ahadi ya kuongeza nguvu, pesa yako itunze. Waya haitengenezi nguvu. Inapeleka kile koili ilichotoa, na ikishakifikisha chote kazi yake imeisha. Unene wa milimita 8 badala ya 7 unaongeza ganda la nje, basi, na wakati mwingine unakusumbua kwa kuwa waya haiingii tena kwenye vishikio vyake. Zile za shaba tupu za magari ya mashindano ya zamani usiweke kabisa kwenye gari lenye kompyuta. Kelele zake za umeme zinaweza kuchanganya sensa.

Nunua pia plagi nne kama hujui zilizopo zina umri gani. Kwa injini hii zinatumika NGK BKR5E-11 au BKR6E-11, pengo milimita 1.0 hadi 1.1. Plagi iliyokwisha, pengo lake limepanuka, inadai volti zaidi, na hizo volti zinaikandamiza waya mpya. Ongeza kichupa kidogo cha grisi ya silikoni, ile isiyopitisha umeme, na soketi ya plagi ya milimita 16 yenye mpira ndani wa kuikamata plagi, pamoja na ekstensheni ya kama sentimita 20 hivi. Plagi zako zimekaa ndani sana, katikati ya shafti mbili za kemu zinazofungua vali, na bila ekstensheni, ile fimbo ya kurefusha soketi, hufiki.

Sasa kazi yenyewe. Funua boneti na uangalie tu kwanza. Juu ya injini kuna tapeti kava, kile kifuniko cha hedi, na waya nne zinapita juu yake zikishikwa na vishikio vya plastiki. Ya silinda ya 1 ndiyo ndefu kuliko zote kwa sababu inasafiri kutoka koili ya nyuma hadi mbele. Ya 4 ndiyo fupi. Piga picha mbili tatu na simu, ikiwemo moja uliyoipiga kwa kuingiza mkono nyuma ili kamera ione koili ambako macho yako hayafiki. Kisha kata vipande vya utepe, andika 1, 2, 3, 4, bandika kwenye kila waya ncha zote mbili, na uandike namba hizohizo kwenye koili kwa rangi nyeupe. Unaweza kuona ni kazi ya mtoto wa shule, lakini ndiyo inayokulinda.

Toa waya moja, weka mpya yake, ndipo uguse ya pili. Usizitoe zote nne kwa pamoja, hata kama unajiamini. Kuna jambo hapa linaloshangaza watu: ukibadilishana waya ya 1 na ya 4 pale kwenye koili, injini haitajua tofauti, kwa sababu koili ile inarusha cheche silinda zote mbili kwa wakati mmoja. Vivyo hivyo ya 2 na ya 3. Lakini ukichanganya ya 1 na ya 2, cheche inatokea wakati usio wake, na unaweza kusikia mlipuko ukirudi kwenye njia ya hewa. Mpangilio wa kuchoma ni 1-3-4-2, na hauvumilii makosa ya jozi.

Namna ya kuchomoa ndiyo sehemu ninayotaka uisome mara mbili. Kamata kofia ya mpira, ile sehemu nene iliyoziba mdomo wa kisima, usikamate waya. Usivute bado. Izungushe kwanza, robo mzunguko kulia, robo kushoto, mpaka usikie imeachia. Mpira wa miaka mingi hugandana na kauri ya plagi kama umegundishwa. Ukishasikia inazunguka kwa ulaini, ndipo uvute moja kwa moja juu, huku ukiendelea kuizungusha kidogo. Niliwahi kuvuta waya moja kwa haraka, nikaishika kwenye waya badala ya kofia. Ikatoka mkononi mwangu uzi na nusu ya mpira, na ile klipu ya chuma na mpira uliobaki vikakaa chini kisimani vimeikumbatia plagi. Nilitumia zaidi ya saa nzima kuvitoa na koleo la mdomo mrefu, kipande kwa kipande, nikiomba kisianguke kitu ndani. Tangu siku hiyo sivuti waya, hata ya gari linalokwenda kuchinjwa.

Ikishatoka, isimamishe kwenye mwanga na uitazame mwisho wake. Hapa ndipo gari linakuambia kilichotokea. Kofia kavu, ngumu, yenye nyufa ndogo kama ardhi ya kiangazi, imekufa kwa uzee na joto. Kofia yenye mstari mwembamba mweupe au mweusi unaoteremka kutoka juu hadi chini, kama umechorwa kwa penseli, umeme ulikuwa unatambaa hapo. Mara nyingi kauri ya plagi nayo ina mstari huohuo, na plagi hiyo usiirudishe. Na kofia iliyovimba, laini, inayoteleza, yenye harufu ya oili, hiyo ndiyo niliyoitaja mwanzoni. Muuaji yumo kisimani.

Washa tochi umulike ndani ya kisima. Ukiona kinang'aa, kuna dimbwi. Gasketi ya tapeti kava haizungushi tu ukingo wa nje wa kava, inazunguka pia visima vya plagi pale katikati. Ikikauka na kuwa ngumu kama plastiki, oili ya kemu inapenya polepole na kuteremka kisimani. Kwa nje huoni tone hata moja. Kipimo cha oili hakishuki kwa kiasi cha kukushtua. Lakini kofia zinakaa ndani ya oili moto kila siku, mpira unavimba, unalainika, na oili chafu yenye masizi inafungua ile njia ya pembeni niliyoieleza. Watu wanabadili waya, gari linapona, baada ya muda linarudia palepale, na wanahitimisha kuwa waya walizouziwa ni feki. Hazikuwa feki. Ziliwekwa kwenye dimbwi.

Kwa hiyo ukikuta oili, usifungue plagi kwanza. Ukifungua, dimbwi lote linaingia kwenye silinda, na utakapowasha utatoa moshi wa kutisha mtaa mzima. Funga kitambaa safi kisichotoa nyuzi kwenye bisibisi ndefu, kitumbukize, kinyonye, kitoe, badilisha kitambaa, rudia mpaka kitoke kikavu. Kama hakuna oili bali vumbi na mchanga, puliza kwa hewa ya kompresa ukiwa umevaa miwani. Punje moja ya mchanga ikianguka ndani ya silinda inachubua kuta.

Kubadili gasketi yenyewe si kazi kubwa, na ingawa hapa tu waya zote nne hutoka pamoja, tayari umeziandika namba, kwa hiyo afadhali uifanye siku hiyohiyo. Utatoa bolti za kava, utalinyanyua, utasafisha nyuso zote mbili, utaweka gasketi mpya na silikoni ya gasketi kidogo kwenye kona ambapo vifuniko vya kemu vinakutana na hedi. Bolti zile ni ndogo na zinaingia kwenye aluminiamu: ni nyutoni mita 5 hadi 9 tu, ukienda kwa zamu kutoka katikati kwenda nje. Anayezikaza kwa hasira anavunja bolti au anakunja kava, na linavuja zaidi ya mwanzo. Kama huna spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inayosoma chini kiasi hicho, azima. Ukiona kazi hii imekuzidi kwa sasa, si aibu kumpa fundi, ila usivalishe waya mpya kabla haijafanyika. Zile za zamani zivumilie wiki moja zaidi.

Ukifika kwenye plagi, injini lazima iwe ya baridi, kwa sababu hedi ni ya aluminiamu na thredi zake hukamatana na plagi zikiwa za moto. Kuingiza plagi mpya, mimi hutumia kipande cha mpira wa petroli cha kama sentimita 25: nachomeka plagi kwenye ncha yake, naishusha kisimani, nazungusha mpira kwa vidole. Ikianza kwenda kombo, mpira unateleza mkononi badala ya kulazimisha, na thredi zinanusurika. Inaposhika vizuri utaisikia inakwenda laini mizunguko kadhaa mpaka ikae. Ndipo uweke soketi na ukaze nyutoni mita 15 hadi 23. Kama huna spana ya torki, plagi mpya yenye oshi yake (ile pete ya chuma) izungushe nusu hadi theluthi mbili ya mzunguko baada ya kukaa kwa mkono. Uliyoitoa na kuirudisha, mguso tu, kama sehemu moja ya kumi na mbili ya mzunguko. Usipake grisi wala dawa kwenye thredi. NGK wenyewe hawashauri, kwa sababu plagi zao zimeshapakwa madini ya kuzuia kutu na kugandana, na kilainishi kinakufanya ukaze kupita kiasi bila kujua.

Sasa waya mpya. Ilinganishe urefu na ya zamani kabla ya kuiweka. Chukua grisi ya silikoni kidogo, kiasi cha punje ya mchele, uipake ndani ya mdomo wa kofia kwa kijiti, kuzunguka mpira pale utakapoikumbatia kauri. Grisi hii haipitishi umeme. Kazi yake ni kuziba njia ya unyevu na kuzuia mpira usigandane, ili siku ya kubadili tena isiwe vita. Usiijaze kwenye klipu ya chuma. Ishushe kofia wima, sukuma kwa kiganja huku ukizungusha kidogo, mpaka usikie au uhisi "tak". Huo mguso ndio ushahidi kwamba klipu imekamata kichwa cha plagi. Kofia inaweza kuonekana imekaa sawa kwa juu kumbe chini kuna pengo, na umeme utaliruka pengo hilo ukiunguza klipu kila siku. Baada ya kusukuma, ivute taratibu juu. Ikikataa, imeshika.

Upande wa koili ndipo mikono itakapolalamika. Injini hii chimbuko lake ni familia ya Mazda 323, ambamo ilikaa kwa kukingama, na mwisho wake huo ulikuwa na nafasi. Ilipogeuzwa kutazama mbele ndani ya gari dogo la milango miwili, nyuma yake ukabaki ukuta na mipira ya maji ya hita. Utafanya kazi kwa kupapasa. Ndiyo maana nilisema uandike namba kwenye koili mapema. Weka taulo kwenye fenda, jiegemeze, ingiza mkono mmoja, zungusha kofia ya zamani, toa, ingiza mpya, sukuma mpaka ikatae. Ukiona ganda la kijani au jeupe kwenye shaba ya koili, likwangue kwa brashi ndogo ya waya kabla ya kuchomeka. Halafu rudisha waya kwenye vishikio vyake moja moja. Vishikio si urembo. Vinaziweka waya mbali na chuma cha moto na mbali moja na nyingine.

Hilo la kutenganisha lina uzito zaidi kwenye injini kubwa, na kwa kuwa wasomaji wengine wana V8, injini za silinda nane, niliseme. Kwenye Chevrolet V8 ndogo za zamani mpangilio ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Silinda ya 5 na ya 7 zinapakana na zinachoma moja baada ya nyingine. Waya zake zikilazwa sambamba na kugusana, umeme wa moja unaamsha nyingine, na silinda ya 7 inapata cheche kabla ya wakati wake. Zitenganishe kwa makusudi. Kwenye Corvette za kuanzia 1997 zenye injini ya LS1, koili ziko juu ya kila kava na waya ni fupi sana, nane. Humo adui si oili, ni joto la ekzosi lililo karibu kabisa na kofia, kwa hiyo hakikisha ngao za chuma za kofia zinarudi mahali pake.

Ukimaliza ya nne, hesabu zana zako zote kabla ya kufunga boneti. Washa. Mlio wa kwanza unatakiwa uwe laini na uliosawazika. Ikitetemeka, zima, rudi kwenye picha zako, na usukume kila kofia tena. Mara nyingi ni moja ambayo haikufika chini. Iache ipate joto, kisha ulipeleke kwenye mlima uleule, gia ya nne, mwendo mdogo, ukanyage polepole mpaka chini. Gari lako la 1994 halina mfumo wa kukutajia ni silinda gani inayomisi, kwa hiyo mguu na masikio yako ndiyo kifaa cha kupimia. Likipanda bila kujikwaa, rudia lile jaribio la gizani na chupa ya maji.

Kama bado linajikwaa ilhali waya ni mpya, plagi mpya na visima vikavu, sasa koili ndiyo inayofuata kwenye foleni, na utaipima kwa haki. Niandikie umeona nini kwenye kila kofia uliyoitoa, kwa namba, na kama kulikuwa na oili ilikuwa kisima kipi. Picha za kofia zitanisaidia kuliko maelezo ya mlio.

Waya za zamani usizitupe bado. Chagua ile ya silinda ya 1, kama kofia zake hazijatoboka, ifute, iviringishe na uiweke buti pamoja na soketi. Kwa kuwa ndiyo ndefu kuliko zote, inafika silinda yoyote ukikwama njiani.